Rangi Zilizomo Makaburini mwa Watu wa Kale

(Haya ni maneno aliyoyasema mfasiri mmoja wa serikali mbele ya wasikilizaji wake, jioni moja katika jumba la mikutano. Tumeyachapa kama alivyoyaandika, pamoja na swali moja aliloulizwa katikati ya mazungumzo.)

Nimeombwa niseme habari za rangi zinazoonekana katika makaburi ya watu wa kale, na jinsi wataalamu wa sayansi wanavyojua rangi hizo ni kitu gani. Mimi mwenyewe si mtaalamu wa sayansi. Kazi yangu ni kufasiri, yaani kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine, na kwa njia ya kazi hiyo ndipo nilipokutana na habari hizi. Lakini ninayo sababu nyingine ya kulipenda jambo hili, nayo ni sababu ya aibu kidogo. Basi afadhali niitoe mapema.

Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, sisi wavulana tuliamriwa tuchimbe msingi wa bweni jipya. Tulipofika kina cha kiuno cha mtu, jembe la mwenzangu liligonga mifupa. Ilikuwa mifupa ya mtu aliyelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa karibu na kifua. Nayo ilikuwa myekundu, na udongo ulioizunguka ulikuwa mwekundu kupita udongo mwingine wote wa shimo lile. Mwalimu aliyetusimamia hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba si heshima kuizika tena mifupa ya mtu hali imejaa matope, akatuamuru tuioshe. Mimi ndiye niliyechota maji. Tuliisugua kwa vitambaa mpaka ikawa myeupe, maji mekundu tukayamwaga chini ya mti, mifupa ikazikwa pembeni mwa shamba, na ujenzi ukaendelea. Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu tulichokimwaga siku ile. Huenda ulikuwa udongo wa mahali pale tu. Huenda pia jamaa za mtu yule waliusaga juu ya jiwe, wakamnyunyizia kwa mikono yao wenyewe huku wakimlilia. Hakuna awezaye kusema sasa, kwa kuwa ushahidi wote ulikuwa ndani ya ndoo yangu.

Haya, tuanze na rangi yenyewe. Ukifungua kaburi la zamani sana utaona kwamba nguo zimeoza, ngozi imeoza, miti imeoza. Rangi zilizotolewa katika majani na maua nazo zimepotea. Lakini rangi iliyotokana na jiwe au udongo haina la kuoza. Kwa hiyo mara nyingi rangi ya madini ni moja ya vitu vichache vilivyosalia vya siku ile ya mazishi, pamoja na mifupa, vyungu na shanga. Na katika rangi zote, nyekundu ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi, katika nchi zilizo mbalimbali kabisa, kwa watu wasiopata kusikiana habari.

Nyekundu iliyo mashuhuri ni ngeu. Seremala anaijua: huuchovya uzi wake katika ngeu, akauvuta juu ya ubao, akaupiga, na mstari mwekundu ukabaki. Ndugu zetu Wamasai na Wasamburu wanaijua zaidi, kwa kuwa vijana wao hujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Ngeu ni kutu. Chuma kilichomo ndani ya mawe na udongo kimekutana na hewa na maji kwa muda mrefu usiohesabika, kikashika kutu, na kutu hiyo ndiyo wekundu tunaouona. Watu wameipenda tangu zamani za ajabu. Hapa kwetu Kenya, huko Olorgesailie katika Bonde la Ufa, wataalamu walitangaza mwaka wa 2018 kwamba wameokota vipande vya mawe ya rangi vyenye umri wa miaka 300,000 hivi, na kimoja kina alama za mtu aliyejaribu kukitoboa. Vipande vile havikutoka kaburini, lakini vyatuonyesha kwamba desturi ya kuitafuta rangi ni ya kale kuliko kabila lolote lililoko leo duniani.

Sasa nitawapeleka mbali. Kusini mwa nchi ya Wales, katika rasi ya Gower, kuna pango linalotazama bahari, liitwalo Goat's Hole, mahali paitwapo Paviland. Mwezi wa Januari mwaka wa 1823 aliingia humo Bwana William Buckland, kasisi wa kanisa na tena mwalimu wa elimu ya miamba katika chuo kikuu cha Oxford. Akakuta mifupa ya mtu, karibu nusu ya mwili, kichwa hakipo. Mifupa yote ilikuwa imekolea wekundu, na udongo uliokuwa karibu nayo vilevile. Pamoja nayo palikuwa na makoa madogo ya pwani, na vijiti na vipande vya bangili vilivyochongwa kwa pembe.

Bwana Buckland aliichunguza ile rangi, akasema kwamba ni kutu ya chuma, namna ipatikanayo katika mawe ya jirani. Hapo alisema kweli, na hata leo hakuna aliyempinga. Lakini alipotaka kusema mtu yule ni nani, alipotea njia. Kwanza alidhani ni mtu wa forodha aliyeuawa na wafanya magendo. Kisha akaona zile bangili na wekundu ule, akaamua kwamba ni mwanamke, aliyeishi siku za utawala wa Warumi. Hivyo akapewa jina la Bibi Mwekundu wa Paviland, na jina hilo limemganda mpaka leo.

Mwaka wa 1912 mtaalamu mwingine wa Oxford, Bwana William Sollas, alirudi katika pango lile, akaonyesha kwamba mifupa ile ni ya mwanamume, tena ni ya zama za mawe. Baadaye ikaja njia ya kupima umri kwa hesabu ya kaboni iliyomo katika mfupa. Ilipimwa mara kwa mara, kila mara kwa vyombo bora zaidi, na kila mara umri ulizidi kwenda nyuma. Hivi sasa yahesabiwa kuwa alizikwa yapata miaka 33,000 iliyopita. Basi yule Bibi alikuwa kijana wa kiume, na Warumi walikuwa bado miaka zaidi ya thelathini elfu kuja.

Sisemi haya ili nimcheke kasisi. Mimi nami nilifundishwa na makasisi, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kukiona kitu ambacho umekwisha amini kwamba hakiwezi kuwapo. Yeye aliamini kwamba hapakuwa na binadamu Ulaya katika siku za wale wanyama wakubwa waliokwisha toweka, na mifupa ya wanyama hao ilikuwa mle mle pangoni. Rangi aliijua vema, bali habari ya mtu aliibuni kwa mawazo yake. Nawaombeni myashike mambo hayo mawili mbali mbali, maana tutayakuta tena.

Nyekundu ya pili ni zinjifuri, na neno hili liliniponza. Nilipewa karatasi moja niifasiri, habari za kaburi la malkia aliyefunikwa kwa unga mwekundu. Nikatafuta neno, nikakumbuka zinjifuri, na mimi kama watu wengi wa bara nilijua tu kwamba mzingefuri ni ule mti wenye mbegu nyekundu za kutia rangi vyakula. Nikaandika kwa furaha kwamba malkia alinyunyiziwa mbegu za mzingefuri. Bahati njema karatasi ilipitia mikononi mwa mzee mmoja wa Lamu kabla ya kupigwa chapa. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, mti umelipata jina kwa sababu ya jiwe. Zinjifuri ya asili ni jiwe lililokuja na majahazi, na wino mwekundu wa vitabu vya zamani ulitoka humo." Nilitaka kuuingia mchanga. Zinjifuri ya mzee yule ni madini ya zebaki na kiberiti yaliyoungana. Wekundu wake ni mkali, hung'aa kuliko ngeu, nao ni ghali kwa kuwa hupatikana mahali pachache.

Na malkia mwenyewe? Huyo aligunduliwa mwaka wa 1994 huko Palenque, kusini mwa Mexico, katika mji wa kale wa watu waitwao Wamaya. Ndani ya jengo moja lenye umbo la piramidi wataalamu walikuta chumba kilichozibwa, na ndani yake jeneza la jiwe. Walipoinua kifuniko waliona mifupa ya mwanamke, shanga za mawe ya kijani, na kila kitu kimefunikwa wekundu. Wakamwita Malkia Mwekundu. Wengi wanafikiri kwamba ni mke wa mfalme Pakal, aliyekufa mwaka wa 683, na ambaye kaburi lake lenyewe, nalo lenye zinjifuri, lilifunguliwa mwaka wa 1952 na Bwana Alberto Ruz Lhuillier katika jengo la jirani. Zinjifuri haichimbwi Palenque. Ililetwa kutoka mbali, ikachukuliwa na watu kwa miguu, kwa kuwa Wamaya hawakuwa na punda wala ng'ombe wa kubeba mizigo.

Mtauliza: ikiwa zote mbili ni unga mwekundu, mtu atajuaje kwamba hii ni ngeu na hii ni zinjifuri? Na iko nyekundu ya tatu, iliyotengenezwa kwa kuichoma risasi, ambayo nayo yaweza kumdanganya mtu. Wazee wa elimu hii walitumia uzito na moto. Zinjifuri ni nzito mno. Kibaba chake hupita kwa mbali kibaba cha ngeu. Ukiichoma ngeu huwa nyeusi ingali moto, kisha ikipoa hurudia wekundu wake. Ukiichoma zinjifuri katika kigae chembamba cha kioo, kiberiti huondoka na moshi, na kwenye ubaridi wa kioo hutokea matone madogo meupe yanayokimbia huku na huku, nayo ndiyo zebaki. Tafadhali mtu asilijaribu jambo hili nyumbani. Moshi wa zebaki huharibu mishipa na akili ya mtu, na hauna harufu ya kumwonya.

Ubaya wa njia hizo ni kwamba rangi huliwa na moto. Ukiwa na gunia zima si kitu. Ukiwa na chembe kumi tu zilizoshika kwenye mbavu za mtu aliyekufa miaka elfu tano iliyopita, basi umechoma ushahidi wako. Kwa hiyo siku hizi hutumia mwanga. Ipo mashine ndogo ya eksirei, umbo lake kama keekee ya fundi, ambayo huelekezwa kwenye mfupa bila kuugusa, na kwa dakika chache husema: hapa pana chuma, hapa pana zebaki, hapa pana risasi. Ipo njia nyingine ya eksirei iliyofunguliwa na baba na mwana, William na Lawrence Bragg, karibu na mwaka wa 1913, ambayo huonyesha jinsi chembe zilivyojipanga ndani ya jiwe, kama mtu anavyoujua ukili kwa jinsi miaa ilivyosukwa. Na ipo njia ya Bwana C. V. Raman wa Bara Hindi, aliyegundua mwaka wa 1928 kwamba mwanga ukipiga kitu, sehemu ndogo sana ya mwanga huo hurudi imebadilika kidogo, na kila kitu huubadilisha kwa namna yake. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1930. Siku hizi njia hiyo huweza kuitambua chembe moja ya rangi chini ya hadubini, na chembe ikabaki pale pale ilipokuwa.

Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Ile mashine ikisema "chuma", imekuambia nini? Udongo wa Nyeri una chuma. Udongo wa Machakos una chuma. Karibu nchi nzima hii ni kutu. Kadhalika udongo wa manjano ukipata moto hugeuka kuwa mwekundu, kama mama zetu wafinyanzi wajuavyo. Basi moto uliokokwa juu ya kaburi miaka mia baada ya mazishi waweza kuufanya udongo uwe mwekundu bila mtu yeyote kukusudia. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu huchukua udongo kijiko kimoja kutoka kwenye mbavu, na kijiko kingine kutoka hatua moja mbali, na kingine kutoka mbali zaidi, akavilinganisha. Chini ya hadubini hutazama kama chembe zimesagwa, na kama jiwe lina mikwaruzo ya kusuguliwa. Hupima pia vitu vidogo vilivyochanganyika na chuma, kwa kuwa kila mlima una mchanganyiko wake, na kwa njia hiyo huweza kujua jiwe lilitoka upande gani. Vijiko vitatu vya udongo, ndugu zangu. Katika shule yetu vijiko havikukosekana.

(Hapa mzee mmoja alisimama akauliza: "Mwanangu, hao wafu unaowataja, ni nani aliyetoa ruhusa wafunuliwe? Hata kama wao hawasemi, je, wenyewe wa nchi waliulizwa?")

Mzee, ahsante. Mara nyingi hawakuulizwa, na sitakuficha. Hata mifupa ya Paviland iko Oxford mpaka leo, na wako watu wa Wales waliowahi kudai irudishwe kwao. Basi usidhani kwamba ni sisi tu tunaoona uchungu wa jambo hili. Makaburi mengi hayafunguliwi na wataalamu, bali na wachimba misingi, wajenzi wa barabara, na wakulima, kama tulivyofanya sisi. Mtu amekwisha funuliwa kabla ya yeyote kutaka ruhusa. Swali linalobaki ni atatendewaje baada ya hapo. Nami naona kwamba ile mashine isiyogusa ina heshima kuliko ndoo yangu, ingawa hata hivyo wewe una haki ya kuuliza, na ukiulizwa wewe kwanza itakuwa vizuri zaidi.

Nirudi katika zinjifuri, maana sijamaliza. Karibu na mji wa Seville katika Hispania ni mahali paitwapo Valencina, palipokaliwa na watu wengi katika zama za shaba. Mwaka wa 2008 lilifunguliwa kaburi la mtu aliyezikwa peke yake, jambo lililokuwa nadra huko, pamoja na mali nyingi, na juu ya kichwa chake pembe nzima ya ndovu wa Afrika. Alizikwa karibu miaka 4,800 iliyopita. Wataalamu waliitazama mifupa iliyovunjikavunjika, wakasema: huyu alikuwa mwanamume kijana, bila shaka mkubwa wa watu. Mwaka wa 2023 walichunguza ute mgumu wa meno yake, ambao hutunza alama za kike na kiume, wakaona kwamba alikuwa mwanamke. Mnakumbuka Paviland? Kule kijana aliitwa bibi kwa sababu ya bangili na wekundu; huku bibi aliitwa bwana kwa sababu ya mali. Miaka mia mbili ilikuwa imepita katikati.

Katika makaburi ya Valencina na jirani zake zinjifuri ilitumiwa kwa wingi. Mwaka wa 2022 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa mifupa ya watu 370 kutoka mahali 23 katika Hispania na Ureno, nayo baadhi yake ilikuwa na zebaki nyingi ajabu. Hapo lilizuka swali zuri. Zebaki hiyo iliingia mwilini mtu akiwa hai, kwa kuisaga zinjifuri na kuvuta vumbi lake na kujipaka, au ilipenya mfupani baada ya kufa, kutoka katika rangi aliyonyunyiziwa? Zinjifuri haiyeyuki kwa urahisi ardhini, na wachunguzi wale walichukua mifupa migumu isiyopenyezwa upesi, tena wakalinganisha na mifupa ya watu wa zama nyingine. Wakaona kwamba wengi waliipata wakiwa hai. Fikirini basi: fundi wa rangi, au mganga, au bibi mkubwa wa mji, mikono yake ikimtetemeka, fizi zikimwuma, na asijue kwamba kinachomwua ndicho kile kilichomtukuza. Hata wachimbaji wa leo huvaa barakoa na mifuko ya mikono wanapolifikia kaburi la namna hiyo.

Mama zangu, nisije nikawasahau. Ninalo jambo lenu, nalo ni wanja.

Watu wa Misri ya kale walizikwa na wanja wao, ndani ya vichupa vya mawe, vya mti na vya mwanzi. Vingi viko katika makumbusho ya Louvre, mjini Paris, na unga umo ndani yake bado. Wataalamu wa Ufaransa waliuchunguza kwa miali mikali ya eksirei, wakatangaza matokeo mwaka wa 1999. Weusi wake ulikuwa madini ya risasi, kama ilivyotazamiwa. Lakini humo mlikuwa na unga mweupe wa namna mbili, nao vilevile ni risasi iliyoungana na vitu vingine, ambao ni nadra kabisa kuonekana katika mawe. Haukuokotwa, basi, ulitengenezwa. Namna ya kuutengeneza inafanana na maelezo yaliyoandikwa na waandishi wa zamani wa Wayunani na Warumi: husagwa risasi iliyochomwa, hutiwa katika maji pamoja na chumvi na magadi, maji hubadilishwa kila siku, na kazi hiyo huendelea majuma kadhaa. Tazameni subira hiyo! Miaka elfu nne iliyopita, alikuwako mtu aliyeamka kila asubuhi kubadilisha maji ya dawa asiyoweza kuiona ikifanya kazi.

Maana dawa ilikuwa. Wamisri walisema kwamba wanja huponya macho, na watu wa elimu walidhani ni ushirikina tu. Mwaka wa 2010 Wafaransa wale walionyesha kwamba risasi ya namna ile, ikiwa kidogo mno, huziamsha chembe za ngozi kujilinda na vijidudu vya magonjwa. Sasa nisikilizeni sana, mama zangu: neno hilo halikufanyi umpake mtoto wako wanja wa risasi. Madaktari wa leo wana hakika kwamba risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, ambaye hujisugua macho na kulamba vidole, humdhuru ubongo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Wanja wa manga unaouzwa sokoni hauna maandiko, na mara nyingine umechunguzwa ukaonekana ni risasi tupu. Wanja wa masizi ni mwingine. Ukiwa huna hakika ni upi ulio nao, macho ya mtoto ni mazuri yalivyo.

Za buluu nitazipita upesi. Wamisri hao hao walipika mchanga, shaba, chokaa na magadi katika moto mkali, wakapata rangi ya buluu. Rangi hiyo ina ajabu moja: ukiimulika kwa mwanga mwekundu, hutoa miali isiyoonekana kwa macho, lakini kamera maalumu huiona, hata kama ukutani imebaki chembe moja isiyotambulikana. Wachina nao walipika zambarau ya shaba, nayo imeonekana juu ya askari wa udongo waliozikwa karibu na mfalme wao wa kwanza, ambao wakulima waliwafukua mwaka wa 1974 walipokuwa wakichimba kisima.

Wakulima, mwaona. Hata kwetu, mtoto yule aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, upande wa Kilifi, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka wa 2021, aliweza kuelezwa kwa sababu hakuna aliyemwosha. Mifupa yake ilikuwa laini mno hata haikuweza kutolewa mmoja mmoja. Kwa hiyo ilifunikwa pamoja na udongo wake kwa plasta, ikachukuliwa bonge zima. Ni udongo ule, ulipotazamwa kwa hadubini na kupimwa, uliosema kwamba shimo lilichimbwa kwa kusudi, na mwili wa mtoto ukafunikwa mara moja. Kichwa chake kilikuwa kimelazwa kwa namna inayoonyesha kwamba kiliwekewa mto, nao umeoza. Wataalamu walimwita kwa neno letu wenyewe: Mtoto.

Sheria ya mwaka wa 2006 inamtaka mtu anayeokota vitu vya kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Ukiwa mbali, mwambie chifu. Lakini kabla ya kumwendea chifu, simamisha jembe, funika mahali pale kwa majani au turubai ili mvua isipige, na usiruhusu mtu yeyote, hata awe mwalimu, alete maji.

Juu ya meza hii nimeweka visahani viwili. Kimoja kina ngeu niliyoinunua katika duka la vyuma, na kingine kina mbegu za mzingefuri nilizoletewa na rafiki yangu wa Kwale. Zinjifuri ya jiwe sikuileta, kwa sababu nilizozieleza. Karibuni mzitazame, tena mzisugue kwa kidole mwone tofauti zake. Ila muwe waangalifu na ngeu. Ikikushika nguoni usikimbilie maji, maana hapo ndipo itakapozidi kushika. Iache ikauke, kisha uikung'ute polepole.